Askari Waliosuguliwa kwa Ndimu

Mama yangu, Bi Kazija, alikuwa mpambaji wa maharusi, na nikisema mpambaji sina maana ya hawa wa siku hizi wa kubandika na kubandua. Mama alichora piko, ile rangi nyeusi ya miguu na mikono ya maharusi. Alikaa kitako mkekani, mguu wa bibi harusi juu ya paja lake, njiti ya ukuti mkononi, na kwenye njiti ile yakatoka maua, majani na mikufu midogo midogo iliyozunguka kifundo cha mguu bila ya kukutana vibaya hata mahala pamoja. Akiwa kazini hukuthubutu kukohoa. Mjini hapa Unguja wapo wanawake wazima, wenye wajukuu, ambao ukiwauliza wanakumbuka nini cha siku yao ya harusi watakutajia miguu yao kwanza, mume baadaye. Wengine mume hawamtaji kabisa, na sababu wanazijua wenyewe.

Mwaka wa sitini na sita ikamwingia homa. Ilimlaza hospitali mpaka tukaanza kunong'ona majina ya watu wa kupelekewa habari. Mungu akamrejesha. Alirudi nyumbani Mkunazini akapanda ngazi kwa miguu yake, akaomba uji, akaulalamikia uji kwamba hauna chumvi, nikajua huyu amepona. Ila mkono wa kulia ulibaki unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa kumwaga chai. Ulikuwa mdogo, wa haraka, kama meza ya cherehani mtu anapoikanyaga. Kwa mpishi au muuza duka usingekuwa kitu. Kwa mchora piko ndio ulikuwa mwisho wa habari.

Yeye hakukubali upesi. Alikwenda kumchora binti mmoja Malindi, mtoto wa Bi Wanu, na mimi nilikuwepo, nimeshika kibakuli. Mstari ulianza vizuri kisiginoni, halafu ukapanda ulikotaka wenyewe. Mama akaufuta, akaanza tena, ukapanda tena. Wanawake wa Unguja wana adabu yao kali: hawakwambii. Walimsifu, wakamfungia halua ya kuchukua nyumbani, bibi harusi akavishwa soksi nyeupe kwa kisingizio cha baridi, na tangu siku ile hakuna nyumba iliyomwita tena.

Baada ya hapo mama aliacha kwenda harusini hata kwa kualikwa. Kadi zikija anaziweka, siku ikifika anaumwa na kichwa. Nikimsihi ananijibu, "Nende nkatazamwe mkono?" Akakaa dirishani, anahesabu watu wanaopita chini na kuwatia kasoro. Nyinyi mnaojua maisha ya mjini hapa mnajua mwanamke asiyekwenda harusini wala hitimani ni mwanamke gani. Mimi sikuogopa njaa, maana nilikuwa nashona na kaka zangu walikuwa wakituletea. Nilichoogopa ni kwamba mama yangu atajitoa katika watu kidogo kidogo mpaka asibaki naye mtu, na mimi nitakuwa nakaa ukumbini na mama aliye hai ambaye hayupo.

Sasa nimlete Mwalimu Jecha. Huyu alikuwa mtu wa Makunduchi, amepanga chumba cha chini katika nyumba yetu, anasomesha tarehe, habari za watu wa kale, katika skuli moja hapa mjini. Kijana mpole, mwenye ujanja wa kimya kimya ambao hukuujua mpaka umekwisha kukupata. Mwaka wa sitini na nane lilimwingia wazo kwamba watoto hawatokumbuka jinsi Mreno alivyofukuzwa pwani hii kwa kusomewa tu, bali waicheze ile vita kwa mikono yao. Akatengeneza ngome ya udongo juu ya meza, na askari wa kuisogelea na kuilinda, wadogo, urefu wa kidole. Alichonga askari mmoja wa mti, akampiga chapa kwenye udongo laini, kisha akayeyusha risasi za nyavu, zile za kuzamishia, alizoletewa na jamaa zake wa Makunduchi na kuzimimina mle. Wakatoka Wareno wenye kofia za chuma, na deraya kifuani na mapajani. Akawapaka rangi ya fedha, mikanda myekundu, akawapanga kwenye sinia, akapanda nao juu kwa mama. Meza ilikuwa iwekwe ukumbi wa skuli siku ya Idi pili, watoto na wazee wao wapite kuitazama wakielekea sikukuuni Mnazi Mmoja.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini tena?"

Akamweleza. Mama akamwinua askari mmoja kwa mkono wa kushoto, akamgeuza, akamrudisha.

"Mwalimu, hawa wanakwenda vitani au wanakwenda kuoa?"

Mimi nilicheka mpaka nikaacha kushona. Mwalimu naye alicheka, lakini ilimwingia. Kweli walikuwa wanang'ara kama waliotoka dukani asubuhi ile. Watu waliokaa baharini miezi, wakapigwa na chumvi na mvua, wakapigana na wenye nchi, hata mchubuko hawana.

"Basi nisaidie, Bi Kazija. Mimi nimewapamba. Wewe unajua kupamba kuliko mtu yeyote mjini hapa, basi na kupambua utajua."

Mama akautoa mkono wa kulia chini ya kanga, akauweka mbele yake, unatetemeka. "Kwa huu?"

Mwalimu Jecha, kwa nia njema, akafanya kosa la watu waliosoma, akamtolea methali. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Bi Kazija."

"Koleo lenyewe ndio mkono wangu, Mwalimu! Methali zako kawape watoto."

Akateremka zake. Lakini sinia akaliacha, na mpaka leo hakuna atakayeniambia kwamba alilisahau.

Siku ya pili nilimkuta mama jikoni, ameshika birika letu la enameli ya kijani, lile lililobanduka banduka, analigeuza kwenye mwanga.

"Shemsa!"

"Naam, mama."

"Birika hili kwa nini limebanduka hapa mdomoni na hapa ukingoni, na hapa tumboni ni pazima?"

Nikamwambia mdomo unagonga bomba kila siku na ukingo unagongwa na kifuniko, tumbo linagongwa na nini?

"Eeh. Na tazama. Pale lilipobanduka ni peusi, na pembeni ya peusi pana kutu. Kutu imeteremka chini kidogo, ilipokuwa inachuruzika." Akaliweka. "Vitu havichakai ovyo ovyo. Nletee kile kikopo cha rangi ya mlango."

Sikutaka kuonesha furaha yangu, maana mama ukimwonesha umefurahi anaacha. Nikamletea kikopo huku nanung'unika kwamba nina kazi zangu.

Ramadhani ile karibu nzima alifanya kazi. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kuushinda mkono. Alikuwa akiufunga kifundo kwa utambaa wa kanga kuukuu juu ya tofali, tofali juu ya meza, mimi nimemkalia upande wa pili nimemshikia kiwiko kwa mikono yangu miwili kama anayetahiriwa. Na njiti yake ile ile ya ukuti. Alichora kila mchubuko mmoja mmoja, hapa bega, hapa goti, hapa ukingo wa kofia: kidoa cheusi, ndani yake kidoa cha fedha, chini yake kutu. Jasho lilimtoka na saumu yake. Mara nyingine mkono ulichomoka kwenye utambaa ukaharibu, akafuta, akafunga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka vidole vikawa vyeupe. Nilipata kumwambia apumzike, akanitazama kwa jicho ambalo sikurudia.

Alipomaliza tukamwita Mwalimu. Na niseme ukweli ulivyokuwa, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa akiusema: walikuwa wabaya. Michubuko ilikuwa imejipanga. Kila bega lina mitatu, kila goti lina miwili, yote saizi moja, na kutu imezunguka kifua kama mkufu. Mkono umefungwa, lakini macho yaliyochora piko maisha yao yote yalikuwa hayajafungwa. Alikuwa amewachora Wareno piko ya kutu.

Mwalimu Jecha akawatazama. "Wazuri sana, Bi Kazija," akasema. "Wazuri sana. Ahsante sana."

Mama aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomfungia halua Malindi.

Alifungua utambaa mkononi, akaniambia nilitoe sinia nje, nje ya mlango wetu, pale kwenye ujia wa ngazi, Mwalimu alichukue wakati wake. "Mie nshamaliza," akasema, akarudi dirishani. Nikajua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Mkono ule hautashika tena kitu, na mama ataketi pale mpaka siku atakayotolewa.

Tulikuwa tumebakiza siku chache kufika Idi. Sasa, yeyote aliyelelewa mjini hapa anajua siku hizo nyumba zinakuwaje. Kila kitu cha shaba kinateremshwa, mrashi, chetezo, masinia, madele, wanawake wanakaa uwanjani na ndimu zilizokatwa na majivu ya jikoni, wanasugua mpaka uone uso wako. Jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Mwanakhamis, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Huyu mama alikuwa hawezi kushika ndimu akaacha kusugua. Mumewe akisema akilala mchana hulala kwa wasiwasi, ataamka ananukia ndimu. Na alikuwa anampenda mama yangu, maana mabinti zake wote mama ndiye aliyewachora. Akaona shoga yake mgonjwa wa mkono, mwanawe ana foleni ya nguo za sikukuu za watu, nani atawasugulia shaba zao? Akachukua vya kwake na vya kwetu. Na sinia la nje ya mlango akalichukua pia, pamoja na waliokuwemo.

Aliingia kwetu asubuhi anahema, sinia kichwani, linawaka.

"Haya, Kazija, nshakusugulia vyote. Na hivi visanamu vyenu, masikini, vilikuwa vimeota kutu vyote! Sikukuu inaingia, jamani, mtu aweke kutu mlangoni mwake?"

Nilipiga ukelele. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kukataa. Nilimwambia maneno, nikamwambia kazi ya Ramadhani nzima, nikamwambia hata paka wa mtaani anajua kuuliza kabla ya kugusa. Bi Mwanakhamis masikini alikuwa amesimama kinywa wazi, sinia bado kichwani, hajui alipokosea.

"Shemsa, nyamaza," mama akasema. "Lete hapa."

Alimchukua Mreno mmoja akampeleka dirishani. Alimtazama muda mrefu. Halafu mama yangu akacheka, kicheko cha tumboni, ambacho sikukisikia tangu kabla ya homa.

"Njoo utazame, wewe mwenye kelele."

Nikatazama. Majivu yalikuwa yameondoa rangi pale tu kitambaa kilipofika. Mabega yalikuwa yamebanduka, mwinuko wa kifua, ukingo wa kofia, goti, na risasi yenyewe inaonekana, mahala pana na mahala pembamba, mahala imekwaruzwa na mchanga uliokuwemo kwenye majivu. Kwenye mikunjo na makwapani rangi ilibaki. Na hakuna wawili waliofanana. Kila mmoja alionekana kama mtu aliyetoka mbali akapigwa njiani.

"Bi Mwanakhamis amewapeleka vitani," mama akasema. "Shoga, ulipokuwa unasugua, ulichagua pa kusugua?"

"Nchague nini? Nlisugua tu, mikono yangu inakwenda, mimi nnazungumza zangu na watu."

"Eeh. Mie nimechagua. Ndicho kilichoniharibia."

Utambaa wa kanga ulikuwa pale juu ya tofali. Mama hakuugusa. Akaniagiza kumbi la nazi jikoni, akachana kipande, akalichovya rangi nyeusi, akalifuta karibu rangi yote kwenye gazeti, akaliweka karibu na bega la Mreno, na mkono akauacha. Akauacha tu utetemeke. Nyuzi za kumbi zikagusa na kutogusa, zikagusa na kutogusa, na vidoa vikaanguka kwenye deraya vikubwa na vidogo, vingine vimeungana, vingine viko peke yao, kama zilivyo dari za nyumba zetu rangi inapobambuka. Hakuna mkono mzima ambao ungeweza. Mimi nilijaribu baadaye, mkono wangu mzima huu, nikatoa safu za nukta kama embe lenye ugonjwa.

"Mwanakhamis," mama akasema bila ya kuinua macho, "pale juu pana bati bovu. Likwangue kutu unisagie. Ndiyo faini yako."

Bi Mwanakhamis akaketi akasaga kutu kwenye kinu cha bizari, analalamika kwamba maisha yake yote ameitoa kutu na leo anaipika. Mama akaikoroga na vanishi kidogo, akaidondoshea chini ya kila mchubuko, ikachuruzika yenyewe. Walifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri wakicheka na kusengenya, saumu zao wanazijua wao na Mungu wao. Mwalimu Jecha aliporudi kutoka skuli akapanda kuuliza sinia lake. Alisimama mlangoni akasahau kusalimia. Alikuja akapiga magoti mbele ya meza, akamwinua askari mmoja, akawa anamgeuza, na hakusema "wazuri sana". Machozi yalimlenga, akasingizia vanishi.

Siku ya Idi pili ukumbi wa skuli ulijaa. Watoto wa nguo mpya waliizunguka meza, wanagombania nani awe mwenye nchi, maana Mreno hakuna aliyetaka kuwa. Mama alikuja. Nilimwambia tu kwamba Mwalimu atakasirika asipokuja, na akajifanya ananiamini. Alikuwa amesimama pembeni ndani ya buibui lake alipoingia Bi Wanu wa Malindi na wajukuu. Bi Wanu akainama mezani, akamchukua Mreno, akatoa ncha ya leso yake, akaanza kumfuta. Akafuta, akatia mate, akafuta tena.

"Mbona kutu hii haitoki?"

"Haitoki," mama akasema. "Nimeichora."

Bi Wanu akageuka. Akamtazama mama, akautazama na mkono, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuutazama waziwazi bila ya kukimbiza macho. "Wewe, Kazija? Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huuhuu. Ungekuwa mzima nisingeweza."

Bi Wanu akamrudisha Mreno mezani. Kisha akasema, "Ijumaa ijayo tunamwoza yule binti yangu mdogo. Sikwiti kuchora. Nnakwita uje ukae na sisi."

"Ntakuja," mama akasema, na akaenda, akarudi na sauti imemkauka kwa vigelegele. Nilimfungulia mlango nikamshukuru Mungu pale pale ngazini, kwa sauti, mpaka akaniambia niache ushamba.

Tangu hapo hakupumzika. Mwalimu Jecha alimletea vita nyingine za mezani, skuli nyingine zikasikia, na vikundi vya michezo ya kuigiza vikawa vinamletea panga za mti na ngao za makaratasi azitie umri. Hata mwaka wa sabini na moja, wakati rangi ilikuwa haipatikani na sisi wenyewe tunapanga foleni ya mchele, yeye aliendelea kwa masizi, kutu na udongo wa shamba. Nina deni kwa watu wengi kwa ajili ya mama yangu, na nimewaombea wote kwa majina. Mwalimu Jecha aliyeliacha sinia. Bi Wanu. Na Bi Mwanakhamis kuliko wote, niliyemtukana, ambaye kama angekuwa mwanamke wa kuuliza kabla ya kusugua, mama angekufa dirishani.

Bi Mwanakhamis huyo huyo, mwaka wa sabini na mbili, mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Kuwait alimpeleka hija. Aliporudi tulikwenda kumpokea, chumba kimejaa watu. Akamkumbatia mama, akamnywesha maji ya zamzam, akamwambia, na machozi yanamtoka:

"Kazija, shoga yangu, wewe nimekuombea kabla ya wanangu. Nimeshika pazia la Kaaba kwa mikono yangu hii, nikamwambia Mola wangu, mkono wa Kazija uache kutetemeka."

Mama aligutuka. "Yarabi! Umemwambia hivyo hasa?"

"Hivyo hivyo."

Mama akauinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akavitandaza vidole, akautazama. Chumba kizima kikautazama naye. Ulikuwa unatetemeka.

"Alhamdulillahi," akasema mama yangu.